Programu yangu inaipitisha 4,294,967,297 kuwa namba tasa: kosa liko wapi?

Mdadisi wa Namba

Habari zenu, wanajukwaa. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikiandika programu ndogo ya kutambua namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, na nimekwama kwenye namba moja tu, 4,294,967,297, ambayo programu inaipitisha ilhali orodha za vigawo nilizoziangalia zinaikataa.

Utaratibu ninaoutumia ni mfupi. Nikiipa programu namba witiri N, inapandisha 2 kwa kipeo cha N − 1, kisha inatafuta baki baada ya kugawa kwa N. (Hapa nitaandika vipeo kwa alama ^, kwa hiyo 2^5 ni 32.) Baki likiwa 1, programu inatangaza kwamba N ni tasa, likiwa jingine lolote, inaikataa. Najua kwamba msingi wa jaribio hili ni nadharia ya Pierre de Fermat, na kabla ya kuliamini nililipima kwa namba zote witiri kuanzia 3 hadi 300, nikalinganisha na orodha, wala sikuona tofauti hata moja. Ndiyo maana nashangaa.

Orodha zinasema namba hiyo ni 641 × 6,700,417. Nimezidisha kwa mkono na kweli jibu linatoka, kwa hiyo sibishi tena. Ninachoomba kuelewa ni mambo mawili: kwanza, kwa nini jaribio langu lilidanganyika, pili, mtu angewezaje kuifikia 641 bila kuambiwa, kwa sababu namba yenyewe haitoi dalili yoyote. Inaishia na 7, jumla ya tarakimu zake ni 59 kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, nikajaribu 7, 11 na 13 bila mafanikio, nikakata tamaa mbali sana na 641. Kama kuna sifa nyingine za namba hii zinazofaa kujulikana, nitashukuru kuzisikia.

Kipeo

Ndugu Mdadisi, programu yako haijakosea kukokotoa hata kidogo. Kosa liko kwenye tafsiri ya jibu. Nadharia ya Fermat inasema kwamba N ikiwa tasa na witiri, basi 2^(N − 1) itaacha baki 1. Haisemi kwamba kila namba inayoacha baki 1 ni tasa. Kila kunguru ni ndege, lakini si kila ndege ni kunguru. Bahati mbaya ni kwamba uliacha kupima mapema mno: ungefika 341 ungekutana na ndege wa kwanza asiye kunguru, kwani 341 ni 11 × 31, na bado 2^340 inaacha baki 1.

Kuhusu namba yako, hata bahati haihusiki. Iandike kama 2^32 + 1 na utaona kwamba ilikuwa lazima ipite. Ukigawa 2^32 kwa N, unapungukiwa na moja tu ili ufikishe N kamili, kwa hiyo ni sawa na kusema baki ni −1. Zidisha hilo kwa lenyewe: 2^64 inaacha baki 1. Sasa N − 1 ni 2^32, na 2^32 ni kigawe cha 64 (yaani inagawanyika kwa 64 bila baki), kwa hiyo 2^(N − 1) si kitu ila 2^64 iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi, na 1 ikizidishwa kwa 1 hubaki 1. Jaribio la 2 kwa namba ya umbo hili ni kama kumuuliza mshtakiwa kama ana hatia na kutegemea jibu lake. Badilisha 2 uweke 3, na ukweli utajitokeza: baki la 3^(N − 1) ni 3,029,026,160, wala si 1.

Jambo moja la kiutendaji kabla sijasahau. Hakikisha programu yako haihifadhi namba katika biti 32, kwa sababu namba kubwa kabisa inayoenea humo ni 4,294,967,295, na namba yako ikilazimishwa kuingia itageuka kuwa 1. Biti 64 nazo zina mtego wake: katikati ya hesabu hii utalazimika kuzidisha 2^32 kwa yenyewe, na zao hilo, 2^64, linazidi uwezo wa biti 64 kwa moja tu, nalo litageuka sifuri kimyakimya.

Mzee wa Hesabu

Mwanangu Mdadisi, umeiangukia namba yenye historia ndefu. Mnamo 1640 Fermat alizitazama namba zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye 2 iliyopandishwa kwa kipeo ambacho nacho ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kurudufu. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Ya sita ndiyo hii yako. Fermat aliamini kwamba mfuatano wote, hadi usikoisha, ni wa namba tasa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho. Mwishoni mwa 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler akimuuliza kuhusu dai hilo, na mnamo 1732 Euler akatangaza kwamba 641 inaigawa namba ya sita bila baki. Nadhani aligawa namba nyingi sana kabla ya kuifikia.

Sasa nitakuonyesha namna ya kuona kwamba 641 ni kigawo bila kuigusa ile namba ya tarakimu kumi. Siri iko ndani ya 641 yenyewe, ambayo inaandikika kwa njia mbili kwa kutumia 5 na 2 peke yake. Njia ya kwanza ni 641 = 5 × 128 + 1, yaani 640 + 1. Njia ya pili ni 641 = 625 + 16, yaani 5^4 + 2^4.

Chukua njia ya pili uizidishe yote kwa 2^28. Unapata 5^4 × 2^28 + 2^32, na bila shaka hiki ni kigawe cha 641, kwa kuwa ni 641 × 2^28. Iweke pembeni. Rudi kwenye njia ya kwanza. Namba yoyote x ikipandishwa kwa kipeo cha 4 na kupunguzwa 1, matokeo yanagawanyika kwa x + 1. Hilo ni jambo la aljebra ya kawaida, kwani x^4 − 1 ni (x + 1)(x − 1)(x^2 + 1). Weka 640 mahali pa x, na 640^4 − 1 inakuwa kigawe cha 641. Lakini 640 ni 5 × 2^7, kwa hiyo 640^4 ni 5^4 × 2^28, kile kile tulichokiweka pembeni. Toa cha pili kwenye cha kwanza: 5^4 × 2^28 vinafutana, na kinachobaki ni 2^32 + 1. Tofauti ya vigawe viwili vya 641 ni kigawe cha 641, na kazi imekwisha.

Kwa anayependa kuona tarakimu, cha kwanza ni 172,067,127,296, cha pili ni 167,772,159,999, na tofauti yao ni 4,294,967,297. Hata kigawo kile kingine kinajitokeza chenyewe bila kugawa: ni 2^28 ukitoa 639 × 409,601, yaani 268,435,456 − 261,735,039, ambayo ni 6,700,417. Nimewafundisha watu uthibitisho huu mara nyingi, na kila mara huwa kuna mmoja anayedhani nimemfanyia kiinimacho.

Mdadisi wa Namba

Shikamoo Mzee, na asante sana. Nimeufuata mstari kwa mstari kwenye karatasi na umenyooka. Ndugu Kipeo, nakushukuru pia. Lugha ninayoitumia haina kikomo cha ukubwa wa namba kamili, kwa hiyo mitego yote miwili ya biti imenipita pembeni.

Limebaki moja linalonisumbua. Uthibitisho wa Mzee unaonyesha kwamba 641 ni kigawo baada ya mtu kuijua 641. Aliyekuwa haijui angeanzia wapi? Tena nitajuaje kwamba 6,700,417 nayo haivunjiki zaidi? Kipeuo chake cha pili ni zaidi kidogo ya 2,588, na sitamani kujaribu namba tasa zote zilizo chini ya hapo kwa mkono.

Salio

Naomba radhi kwa Mzee wa Hesabu kwa kumrekebisha kidogo. Si kweli kwamba ilihitajika kugawa namba nyingi. Kwa njia ambayo Euler mwenyewe aliithibitisha, 641 ni namba ya tano tu kujaribiwa, na jibu la swali la Mdadisi limo humo.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawa N. Basi kwa kuhesabu baki za p, 2^32 ni sawa na −1 na 2^64 ni sawa na 1. Kipeo kidogo kabisa kinachoifikisha 2 kwenye 1 ni 64 yenyewe, kwa sababu kipeo kidogo zaidi kingelazimika kuigawa 64, na hapo kingeigawa pia 32, na 2^32 ingekuwa 1 badala ya −1. Nadharia ya Fermat, ile ile iliyomponza Mdadisi, inasema 2^(p − 1) nayo ni 1, kwa hiyo 64 lazima iigawe p − 1. Kwa maneno mengine, kigawo tasa cha N hakiwezi kuwa namba yoyote tu. Lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Anza kuzihesabu: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa na zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Bila kanuni hii, mtu anayejaribu namba tasa zote zilizo chini ya 65,536 angekuwa na namba 6,542 mbele yake, na hata kuifikia 641 tu kungemchosha, kwani kuna zaidi ya mia moja kabla yake.

Mnamo 1878 Édouard Lucas aliibana kanuni hiyo zaidi, akaonyesha kwamba badala ya 64 tunaweza kuweka 128. Zinazobaki hadi 641 ni mbili tu, 257 na 641 yenyewe. Na 257 inaondoka bila kujaribiwa, kwa sababu nayo ni mwanachama wa mfuatano wa Fermat, na Goldbach alikwisha kuonyesha mnamo 1730 kwamba hakuna wanachama wawili wenye kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Sababu ni nzuri kiasi kwamba siwezi kuiruka: 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 ni 4,294,967,295, ambayo ni N − 2. Kinachoigawa N na kuigawa pia mojawapo ya hizo tano lazima kiigawe tofauti yao, yaani 2, na zote ni witiri. Kwa hiyo 641 ndiyo ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa, na inafaulu hapo hapo.

Kuhusu 6,700,417, kumbuka kwamba kigawo chake chochote ni kigawo cha N pia, kwa hiyo kinabanwa na kanuni ile ile ya 128. Andika vigawe vya 128 vilivyoongezwa 1 hadi 2,588, viko ishirini. Ukiondoa visivyo tasa pamoja na 257, vinabaki vinne: 641, 769, 1,153 na 1,409. Nimegawa kwa kila kimoja, na baki ni 44, 120, 334 na 622 kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri. Basi 6,700,417 ni tasa, na umethibitisha hilo kwa kugawa mara nne.

Mzee wa Hesabu

Nakubali kurekebishwa, Salio. Nilikuwa najua umbo la 64 lakini sikuwahi kukaa chini nikahesabu kwamba linaacha namba tano tu. Kuna kejeli ndani yake: Fermat alikuwa na nadharia hiyo mikononi mwaka ule ule wa 1640, na angeitumia kuchuja vigawo, au angepima kwa 3 kama Kipeo anavyoshauri, dai lake lingeanguka siku hiyo hiyo.

Mraba na Duara

Nimesoma kwa furaha, lakini nyote mmeruka sifa ninayoipenda kuliko zote. Namba hii ni jumla ya miraba miwili, na ni hivyo kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza iko wazi, 65,536^2 + 1^2. Ya pili ni 62,264^2 + 20,449^2, na anayetaka kuhakiki ajumlishe 3,876,805,696 na 418,161,601.

Euler alionyesha kwamba namba tasa haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa zaidi ya njia moja, bila kujali mpangilio. Kwa hiyo anayeiona njia ya pili amekwisha kujua kwamba N si tasa hata kabla ya kusikia habari za 641. Njia hizo mbili zinatoka wapi? Zinatoka kwenye vigawo vyenyewe. Kila kimoja ni jumla ya miraba miwili: 641 = 25^2 + 4^2, na 6,700,417 = 2,556^2 + 409^2. Ziunganishe kwa kuzidisha 25 × 2,556 upate 63,900, na 4 × 409 upate 1,636. Ukijumlisha unapata 65,536. Ukitoa unapata 62,264. Halafu zidisha kwa mshazari, 25 × 409 = 10,225 na 4 × 2,556 = 10,224. Ukijumlisha unapata 20,449, na ukitoa unapata 1. Ile 1 inayoonekana ya kawaida kabisa mwishoni mwa 2^32 + 1 kumbe ni tofauti ya 10,225 na 10,224. Mimi hilo sijawahi kulizoea.

Sifa nyingine nitazitaja harakaharaka. Vigawo vyake ni vinne tu. Ukijumlisha vitatu vilivyo vidogo kuliko N yenyewe unapata 6,701,059, takribani sehemu moja ya 641 ya N, kwa hiyo ni namba pungufu, tena pungufu sana. Kuishia kwake na 7 si sadfa, kwani kuanzia 17 namba zote za mfuatano huu huishia na 7: kipeo cha 2 kinachohusika ni daima kipeo cha 16, na 16 ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 6 milele.

Kwa upande wa jiometri, jirani yake amefanikiwa mahali ambapo yeye ameshindwa. Carl Friedrich Gauss aligundua mnamo 1796 kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari, na baadaye ikabainika kwamba kwa idadi witiri ya pande sharti ni kuwa zao la namba tasa za Fermat zisizorudiwa. Zao la tano zinazojulikana ni 4,294,967,295, kwa hiyo umbo la pande hizo linachorika kinadharia, na hakuna linalojulikana lenye idadi witiri kubwa zaidi. Ongeza pande mbili tu, ufike kwenye namba ya Mdadisi, na rula na bikari haziwezi tena.

Kipeo

Nyongeza moja kwa ajili ya programu. Kwa namba za mfuatano huu, kuanzia 5, kuna jaribio lisilodanganyika, lililotolewa na Théophile Pépin mnamo 1877: pandisha 3 kwa kipeo cha nusu ya N − 1, na N ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, baki ni N − 1. Hapa nusu hiyo ni 2^31, kwa hiyo unaanza na 3 na kuzidisha kila jibu kwa lenyewe mara 31, ukichukua baki kila hatua.

Mdadisi wa Namba

Nimelifanya jaribio la Pépin, na baki lililotoka ni 10,324,303, mbali sana na 4,294,967,296 inayotakiwa. Kwa kuwa programu yangu imekwisha kuniaibisha mara moja, niliamua kulihakiki jibu hilo kwa mkono kupitia 641. Nikigawa 10,324,303 kwa 641 nabaki na 357. Kwa upande mwingine, 641 ni tasa, kwa hiyo 3^640 inaacha baki 1, na 2^31 ikigawanywa kwa 640 inaacha 128. Basi nilichohitaji ni baki la 3^128 tu. Nilianza na 3^8, ambayo ni 6,561 na inaacha 151. Nikazidisha kwa yenyewe nikapata 366, kisha 628, ambayo ni afadhali kuiita −13, kisha 169, na mwisho 28,561, inayoacha 357. Majibu mawili yamekutana.

Usiku huo huo nikaipa programu mwanachama anayefuata, 18,446,744,073,709,551,617, safari hii nikiiagiza ijaribu vigawe vya 256 vilivyoongezwa 1 badala ya namba zote, kwani kipeo kikirudufu kanuni ya 128 huwa ya 256. Ilisimama kwenye 274,177, ambayo ni 256 × 1,071 + 1.